Belti Mpya Haikatiki

"Belti mpya haikatiki," Peterson alisema kwa mara ya tatu, akiigonga meza kwa kidole. "Hata mtoto wa nasari anajua hiyo maneno. Kama imekatika, basi haikuwa mpya, ama iko mtu aliikata. Chagua moja, Inspekta. Zote mbili zinamfunga Yakubu."

Inspekta Murugi hakuchagua. Alikuwa na desturi ya kumwacha mtu azungumze mpaka achoke, kwa kuwa mtu aliyechoka husema jambo ambalo hakutaka kulisema. Shida ni kwamba Peterson hakuwa mtu wa kuchoka. Tangu wamzike kaka yake alikuwa akipanda kutoka Kagio kila asubuhi hadi kituo cha polisi cha Nyeri, amevaa suti ileile nyeusi, na kila asubuhi alitaka kujua jambo moja tu: Yakubu anashtakiwa lini?

Kaka yake aliitwa Njiru. Alikuwa mchukuzi. Nyanya na vitunguu vya Kagio alivipeleka kwa wachuuzi wa Naro Moru na Nanyuki kwa pikapu yake ya dizeli, na watu walisema hata kuku wa barabarani waliijua honi yake. Wiki iliyopita, akiteremka kuelekea mtoni kabla ya Naro Moru, injini ilizima ghafla. Breki zikawa ngumu. Pikapu ikatoka barabarani na mzigo wake wote, ikabiringika hadi chini, na Njiru hakutolewa humo akiwa hai.

Mkaguzi wa magari aliifungua injini akaandika kwamba belti ya taimingi imeharibika. Huo ni mkanda wa mpira wenye meno, ulio mbele ya injini, unaofanya pistoni na vali ziende pamoja zisigongane. Mwaka huo wa 1986 pikapu za aina hiyo zilikuwa ngeni bado milimani. Magari ya zamani yalitumia cheni, na watu wengi hawakujua kwamba kipande cha mpira nacho kinaweza kuua. Lakini jambo moja walilijua: belti hiyo ilikuwa imebadilishwa miezi michache tu kabla ya ajali, na aliyeibadilisha ni Yakubu, fundi wa Majengo, mjini Nyeri. Tena majirani wa gereji walimsikia Yakubu akimpigia Njiru kelele mchana kweupe: "Utakufa na gari hili!"

Basi, ikawa imekwisha. Yakubu akakamatwa spana ikiwa mkononi.

Mkuu wa upelelezi hakuwa na maswali mengi. Jumatatu mzee afikishwe mahakamani kwa mauaji. Shtaka hilo halina dhamana, na likithibitishwa mwisho wake ni kamba. Leo ilikuwa Ijumaa.

"Karimi anasema nini?" Murugi aliuliza. Karimi ndiye mjane.

"Anasema anataka kumuona akinyongwa. Alisema kwa kaburi, watu wote wakisikia. Ati wewe ungesema nini?"

"Ningesema vivyo hivyo," Murugi alikiri, na hakuwa akijipendekeza kwa mtu. "Ngoja hapa kituoni, Peterson. Huenda nikakuhitaji."

Kwenye benchi karibu na kaunta alikuwa ameketi Mishi, binti wa Yakubu, na bakuli limefungwa kwa kitambaa juu ya mapaja. Alisimama alipomwona Murugi.

"Afande, baba alikula jana?"

"Alikula."

"Usinifiche. Baba akiwa na mawazo hali, hata umpikie nini." Alimpa lile bakuli. "Mwambie ni mimi nimepika. Mwambie asipokula nitakuja kulia hapa mpaka mnifunge na mimi."

Murugi alilichukua bakuli, akamwita Yakubu kwenye chumba kidogo cha mahojiano, akaliweka mbele yake. Yakubu alikuwa mtu mfupi, ndevu zimeingia mvi, na kucha zake zilikuwa na weusi wa oili ambao hata kaburini hautatoka. Suruali aliishikilia kwa mkono kwa sababu polisi walikuwa wamemnyang'anya mshipi.

"Kula kwanza, Mzee. Binti yako ametishia kuhamia huku."

Yakubu alicheka kidogo, akaacha. "Uliza tu, Inspekta. Nikianza kula nitakumbuka nyumbani."

"Ulimwambia Njiru atakufa na gari."

"Nilimwambia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa kichwa ngumu! Kila mteremko anazima injini, ati anabana dizeli. Nikamwambia, wewe, gari hili breki yake inasaidiwa na injini. Injini ikizima, unakanyaga breki kama unakanyaga ukuta. Akanicheka. Nikapandisha sauti. Mimi nikimpenda mtu nampigia kelele, Inspekta, muulize Mishi."

"Siku ya ajali hakuzima. Ufunguo tuliukuta umewashwa."

"Alhamdulillahi. Basi alinisikia." Yakubu alifuta uso kwa kiganja. "Lakini faida gani?"

Murugi alimpa nafasi avute pumzi. Kisha akauliza swali ambalo, kwa maoni yake, mkaguzi alipaswa kuliuliza kabla ya mtu yeyote kufungwa pingu.

"Belti kama ile hubadilishwa lini?"

"Kitabu cha gari kinasema kilomita laki moja. Mimi kwa barabara zetu hizi za vumbi na matope nawaambia watu elfu themanini, usingoje zaidi, maana belti ya taimingi haipigi hodi. Haipigi kelele, haitoi moshi. Siku ikikatika, imekatika, na injini yako imekwenda nayo."

"Na ya Njiru?"

"Haikuwa imefika hata elfu ishirini."

"Kwa hiyo Peterson anasema kweli. Belti mpya haikatiki."

"Inspekta," Yakubu aliegemea mbele, "mimi nimelala humu nikiiwaza belti ile kama mtu anayewaza mtoto aliyepotea. Niliifunga sawasawa. Nikaizungusha kwa mkono. Nikaweka kifuniko chake cha plastiki mbele, boliti zote, isiingie mawe wala oili. Wallahi sijui imekuwaje. Na kusema sijui ndiko kunakoniua."

Watu wengi walioketi kwenye kiti kile walikuwa na majibu tayari. Yakubu hakuwa na jibu lolote, na hilo lilimfanya Murugi amwamini kidogo. Kidogo tu. Alichukua bahasha yenye belti, akatoka.

Swali la kwanza lilikuwa rahisi: je, belti ilikuwa mpya kweli, ama Yakubu alimuuzia Njiru kuukuu? Mjini Nyeri mtu aliyetaka belti kama ile alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, duka la vipuri la Zabibu, na Zabibu alikuwa na ulimi uliowatisha mafundi wote wa mji.

"Karibu, Inspekta. Umekuja kununua ama kukamata?"

"Kuuliza. Yakubu alinunua belti ya taimingi hapa?"

"Hakununua yeye. Walikuja wawili, yeye na marehemu, Mungu amrehemu. Wakanisumbua hapa kaunta mpaka chai yangu ikapoa. Njiru anataka ile ya bei rahisi. Yakubu anasema, ukinunua hiyo tafuta fundi mwingine, mimi siifungi. Mwishowe Njiru akachukua nzuri, akanuna mpaka mlangoni." Zabibu alitikisa kichwa. "Sasa mtu anayetaka kukuua atakugombeza ununue kitu kizuri?"

Murugi aliimwaga belti kutoka bahashani. Zabibu aliigeuza, akasoma namba nyeupe zilizobaki mgongoni mwake.

"Hii ni ya dukani kwangu. Lakini ngoja." Uso wake ulibadilika. Alichukua nyingine mpya kutoka rafu, akaziweka pamoja. "Lo! Mbona hii imenona?"

Ilikuwa kweli. Belti ya Njiru ilikuwa pana kuliko mpya. Meno yake mengi yalikuwa yameng'oka, na hakukuwa na mahali popote palipokatwa kwa kisu. Murugi aliiminya. Ile mpya ilikaza vidole, hii ilibonyea kama ndizi iliyoiva. Aliiinua puani.

"Nusa," alimwambia Zabibu.

"Dizeli," Zabibu akasema papo hapo. "Dizeli imeingia mpaka ndani ya mpira. Belti ikiguswa na mafuta huoza, ni ya kubadilishwa siku hiyohiyo."

"Inaweza kuwa ni dizeli ya ajali? Tangi lilipasuka."

"Tangi liko nyuma, belti iko mbele. Labda dizeli iwe na miguu."

Murugi alishukuru, akarudi kituoni haraka kuliko alivyotoka. Pikapu, au kile kilichobaki, ilikuwa imevutwa hadi nyuma ya kituo na kufunikwa kwa turubai. Koplo Simeon, dereva wake, aliivuta turubai na kuiinua boneti iliyopinda kwa mtaimbo.

Nyuma ya injini oili ilikuwa imegandamana na matope mekundu, kama uji uliokauka sufuriani. Hivyo ndivyo zilivyo injini zote za barabara ya Kagio. Lakini mbele, pale belti inapopita, palikuwa safi. Vumbi jipya lilikuwepo, kidogo, na chini yake chuma kilimetameta.

"Afande," Simeon alisema, "hapa mtu anaweza kulia ugali."

"Kifuniko cha mbele kiko wapi?"

Simeon aliinama, akapapasa. "Hakipo."

"Kilivunjika kwenye ajali?"

"Kingevunjika tungeona vipande vimeshikwa na boliti. Hakuna kipande, hakuna boliti. Mtu alivifungua kwa spana, akavitoa kimoja kimoja."

Ndani ya tundu moja la boliti kulikuwa na uzi mwembamba wa kitambaa. Murugi aliutoa kwa ncha ya kalamu. Kuna mtu aliyeketi mbele ya injini hii, akafungua kifuniko, akasugua kwa kitambaa, akamwaga dizeli. Nani? Si Yakubu, maana belti ilikwisha kutembea kilomita elfu kadhaa baada ya kutoka gerejini kwake. Kama belti ingeoga dizeli siku ile ya kwanza, Njiru asingefika nayo mbali hivyo. Ilikuwa jambo la siku za karibuni.

"Mtu aliyekuwa na gari siku za karibuni," Simeon alisema, akamtazama kwa pembeni Peterson, aliyekuwa akizunguka uani huku akitazama saa yake.

Murugi alimwita.

"Peterson, uliniambia hukuwahi kuishika pikapu ya kaka yako."

"Sikuwahi."

"Kwenye mlango wa dereva kuna kishikio kipya. Nimeambiwa na fundi wa Kagio kwamba wewe ndiye uliyekivunja ukampelekea." Murugi hakuwa ameambiwa na fundi yeyote wa Kagio, lakini kishikio kilikuwa kipya, na Peterson alianza kuvuta tai yake kana kwamba inamkaba.

"Nilitumia siku moja tu."

"Kwenda wapi?"

"Kanisani."

"Kanisani! Na kitu cha kuficha ni nini?"

Peterson aliangalia chini. Kwa mara ya kwanza tangu Murugi amjue, sauti ilimpungua. "Sina leseni. Na wewe ni polisi."

Simeon aligeuka upande acheke. Murugi naye alitaka kucheka, lakini aliendelea kuuliza.

"Kaka yako alikuwa wapi?"

"Alikuwa na homa siku hiyo, na mchungaji alikuwa anangoja. Ilikuwa siku ya kubariki gari. Karimi ndiye aliomba. Alisumbua Njiru mwaka mzima, ati gari haijabarikiwa. Basi nikaendesha polepole, Karimi na wamama wa kanisa wako nyuma wanaimba."

"Gari hubarikiwa vipi kwenu?"

"Unafungua boneti. Mchungaji anaweka mikono kwa injini, anaomba. Hiyo ndiyo roho ya gari, huwezi kubariki tairi."

"Mchungaji alichafuka mikono?"

"Hata kidogo! Injini ilikuwa inang'aa. Watu walishangaa. Wengine walileta magari yao Jumapili iliyofuata, wakaona aibu."

"Nani aliiosha?"

"Sijui. Niliikuta tayari."

Murugi alimwambia Simeon alete gari. Peterson akaachwa kaunta aandike taarifa yake kuhusu leseni, na kazi hiyo ilimnyamazisha kwa muda mrefu.

Waliteremka kupitia Karatina mpaka tambarare ya Kagio, joto likiongezeka kila walipoteremka. Njiani Simeon alijaribu mzaha mmoja, akaona haufai, akatulia. Sokoni wachuuzi walikuwa wakipanga nyanya kwenye makreti, na nyumba ya Njiru ilikuwa nyuma ya soko, bati jipya, ua umefagiwa. Wanawake wawili waliokuwa wakiosha sufuria za matanga waliinuka kimya wakaenda upande wa shamba. Karimi alitoka jikoni, leso nyeusi kichwani.

"Umekuja kuniambia yule mzee amehukumiwa?"

"Bado, mama. Nimekuja kuuliza kidogo."

"Kaa. Nitakupatia chai." Alikuwa mtu wa kutoa chai hata moyo ukiwa umevunjika. Murugi alipokea kikombe, akakishika kwa mikono miwili, na macho yake yakaangukia ukuta wa jiko. Juu ya msumari kulikuwa kumetundikwa kipande cha plastiki nyeusi, kirefu, chenye matundu ya boliti pembezoni. Kilikuwa kimesuguliwa mpaka kinametameta.

"Kile ni nini, mama?"

"Hiyo? Ni ya pikapu. Ni kifuniko ya mbele. Nilitoa nikaosha, nikaweka hapo ikauke, halafu boliti moja ikapotea. Njiru akasema atapelekea Yakubu aifunge vizuri Jumamosi." Alinyamaza. "Jumamosi haikufika."

"Wewe ndiye uliyeosha injini?"

"Nani mwingine?" Karimi alijibu, na kwa mara ya kwanza uso wake ulipata uhai kidogo. "Njiru alikuwa anaosha viti na tairi tu. Nikamwambia, mchungaji ataweka mkono yake hapa, utawacha aguse uchafu? Basi nikachukua spana yake, nikafungua hiyo plastiki, ndani ilikuwa imejaa vumbi. Nikachukua dizeli kwa mtungi, na kitambaa, na ile brashi ya nguo. Maji haitoi grisi. Huku kila mtu anaosha injini na dizeli, hata wa lori. Nikasugua. Nikamwagia na kikombe, nikamwagia tena, mpaka ikawa safi kabisa. Mikono yangu ilinuka siku mingi. Wamama wa kanisa walinisifu."

Murugi aliweka kikombe chini. Alikuwa amewahoji wezi, wauaji na mtu mmoja aliyemuuza ng'ombe wa mama yake mzazi, na hakuna hata mmoja aliyemfanya atamani, kama sasa, kuwa na kazi nyingine. Alimhurumia mama huyu.

"Kwa nini ulitaka sana libarikiwe?"

"Niliogopa hiyo barabara ya Naro Moru. Akitoka, mimi siwezi kula mpaka nisikie honi. Nikasema, wacha Mungu mwenyewe ashike hiyo injini."

Kalamu ya Murugi ilikuwa juu ya karatasi na haikuandika. Kuku mmoja alipita katikati yao. Jikoni maji yalichemka yakamwagikia moto, na Karimi hakugeuka.

"Mbona umenyamaza?"

"Nafikiri, mama."

"Hapana. Uliuliza, nikakujibu, sasa umenyamaza." Karimi aliangalia kile kifuniko ukutani, kisha bahasha iliyokuwa magotini mwa Murugi, ambayo mdomo wake ulikuwa wazi. "Hiyo ni ile belti?"

"Ndiyo."

"Nipe nione."

Murugi angeweza kukataa. Alimpa. Karimi aliishika, akaiminya, akaileta puani, na mkono wake ukabaki hapo hapo.

"Siku hiyo nilikuwa nimevaa patipati za mpira," alisema polepole. "Dizeli ilinimwagikia kwa miguu. Kesho yake patipati ilikuwa imevimba, imekuwa laini, nikitembea inakatika vipande. Nikatupa kwa shimo. Nikasema ni vitu ya bei rahisi." Aliinua macho. "Inspekta. Ni mimi?"

"Hukujua, mama. Hakuna aliyekuambia."

"Si hiyo nimekuuliza."

Murugi hakuwa na njia ya kupitia pembeni, na mama huyu hakustahili kupitishwa pembeni.

"Dizeli iliula mpira," alisema. "Na bila kifuniko, changarawe za barabara zikaumalizia. Belti ikiguswa na mafuta hubadilishwa siku hiyohiyo, hata kama ilifungwa jana. Kilomita hazina maana tena. Ni jambo ambalo hata kituoni hakuna aliyelijua. Mimi nimelijua leo."

Karimi hakupiga mayowe. Alikaa chini, pale pale kwenye udongo uliofagiwa, miguu imenyooka mbele yake, na akaanza kujipangusa mikono kwenye sketi, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Murugi aliinuka kwenye kiti akaketi naye chini, suruali ya serikali na yote. Simeon, aliyekuwa amesimama langoni, alivua kofia.

Mwishowe Karimi akauliza, "Yule mzee bado ako ndani?"

"Bado. Jumatatu anapelekwa kortini."

"Na hii maneno yangu inaweza kumtoa?"

"Inaweza. Lakini nikiiandika, itasomwa. Peterson atasikia. Kanisa litasikia. Sitakuficha, mama."

"Andika."

"Unaweza kungoja kesho, upumzike."

"Nimesema andika! Nilimwombea kamba kwa kaburi ya bwana yangu. Watu wote walisikia. Ako na mtoto, huyo mzee. Andika vile nimesema, yote, na ile ya kikombe, halafu mnipeleke huko. Nataka aambiwe na mdomo yangu."

Murugi aliandika. Alimsomea, Karimi akatia sahihi kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma shule kidogo na kuiheshimu. Kisha aliingia ndani, akatoka na koti, akakitungua kile kifuniko kwenye msumari kwa mikono yake mwenyewe na kumkabidhi Simeon.

Mkuu wa upelelezi alikuwa karibu kuondoka waliporudi Nyeri. Alisoma taarifa mara mbili, akaiminya belti, akakijaribisha kifuniko kwenye matundu yake pale uani, tundu kwa tundu. Kilikaa. Alimtazama Karimi aliyekuwa ameketi garini, akamuuliza Murugi kwa sauti ya chini kama mjane anahitaji kufunguliwa jalada.

"Kwa kosa gani, bwana? La kumpenda mumewe?"

Mkuu alikohoa, akatia sahihi karatasi ya kumwachilia Yakubu, akaondoka bila kusema zaidi. Peterson alikuwa amekwisha kurudi kwao.

Mzee alitokea mlango wa nyuma, mshipi mkononi, bado hajauvaa. Mishi alimrukia, akamkumbatia, akaanza kumgombeza kwa nini amekonda, yote kwa pumzi moja. Karimi aliteremka garini. Alitembea mpaka mbele yao akasimama, na Mishi akaacha kugombeza, kwa maana alimtambua.

"Mzee Yakubu," Karimi alisema. "Ni mimi. Niliosha injini na dizeli, nikatoa kifuniko. Belti ikaharibika. Wewe hukufanya kitu. Nilikutukana kwa watu, nikakuombea kifo, na ni mimi nilimuua Njiru."

Yakubu alimwangalia. Murugi aliona fahamu ikimwingia mzee: dizeli, mpira, kifuniko, kitendawili chote kilichomnyima usingizi. Aliona pia jinsi macho yake yalivyoshuka kwenye mikono ya Karimi, iliyokuwa bado ikijipangusa kwenye koti.

"Nani amekwambia hivyo?" Yakubu aliuliza, kwa ile sauti yake ya kupigia watu kelele. "Nani? Wewe ni fundi? Sikiliza, mama. Belti ile niliikaza mimi. Niliikaza kupita kiasi. Nilijua siku ileile nikiwa nafunga, nikasema aah, itakwenda. Ingekatika tu. Hata ungeiosha kwa maji ya zamzam ingekatika!"

"Baba!" Mishi alimvuta mkono. "Baba, nyamaza, hujatoka hata getini!"

"Wacha niseme. Njiru alikuwa rafiki yangu. Kama kuna mtu wa kulaumiwa, tugawane, mimi na wewe, na lile lichwa lake gumu. Huwezi kuubeba mzigo huu wote peke yako. Ni mzito, mama."

Ulikuwa uongo. Murugi alijua kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, na alijua pia kwamba maneno hayo, yakisemwa uani mwa polisi mbele ya ofisa mwenye kalamu mfukoni, yanatosha kumrudisha mzee kule alikotoka. Yakubu naye alijua. Alikuwa ameyasema hata hivyo, suruali ikimponyoka, huku akimtazama Karimi tu.

Karimi aligeuka.

"Ni kweli, Inspekta? Ingekatika tu?"

Murugi aliwatazama wote wawili.

"Yeye ndiye fundi, mama," alisema. "Mimi ni polisi tu."

Karimi akaushika mkono wa Yakubu kwa mikono yake yote miwili, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akalia.